Naomba ushauri: nawezaje kupunguza kudokoa vitafunio bila kushinda na njaa?

Karani wa Mezani aliuliza:

Habari zenu wote. Naomba mawazo ya wenye ujuzi au uzoefu katika jambo ambalo huenda wengi tunalo ila hatulisemi kwa kuwa linaonekana dogo.

Kazi yangu ni ya kukaa kuanzia asubuhi hadi jioni. Natoka nyumbani nikiwa nimekunywa chai ya maziwa yenye sukari, na mara nyingi siisindikizi na kitu chochote kwa sababu wakati huo sisikii njaa. Ikifika saa nne naanza kutafuta biskuti, na pakiti ikishafunguliwa haifungwi tena. Mchana nakula harakaharaka huku macho yakiwa kwenye kompyuta, kisha saa kumi unanijia usingizi mzito ambao nautibu kwa soda au kwa chai nyingine tamu. Balaa lenyewe liko usiku. Baada ya chakula cha jioni, ninapokaa kutazama televisheni, mkono unakwenda wenyewe kwenye bakuli la viazi vya kukaanga vya pakiti au kwenye kipande cha keki, na siwezi kusema ni njaa inayonipeleka huko, maana tumbo limejaa.

Nimesoma ushauri mwingi na unapingana. Mmoja anasema mtu ale milo midogo sita kwa siku ili mwili uchome mafuta. Mwingine anasema vitafunio vipigwe marufuku kabisa. Yupo pia anayesema sukari ibadilishwe na asali, na soda ibadilishwe na juisi ya matunda. Kila ninapoacha vyote kwa pamoja, naweza mwanzoni mwa juma, halafu mwishoni narudi palepale na kuzidisha. Sina ugonjwa ninaoujua, ila uzito umekuwa ukipanda taratibu, na ninachotafuta ni namna ya kula ambayo nitaweza kuishi nayo miaka yote, si ya kukondea sherehe fulani.

Je, kuna ubaya wa kula kitu kati ya mlo na mlo? Nianze kubadilisha nini? Na hiyo hamu ya usiku inatoka wapi ikiwa nimeshiba? Natanguliza shukrani.


Mshauri wa Lishe alijibu:

Ndugu Karani, nitaanza na swali lako la mwisho, kwa kuwa majibu ya hayo mengine yamo ndani yake. Ukiitazama siku yako kama ulivyoieleza, tangu unapoamka hadi chakula cha mchana mwili unapata chai, sukari na unga wa ngano uliokobolewa. Vyote hivyo humeng'enywa haraka na havina protini wala nyuzinyuzi za kutosha kukushikilia, kwa hiyo unapotafuta biskuti saa nne usijiite mroho, hiyo ni njaa halali. Mchana unakula bila kuangalia unachokula, na jioni unafika nyumbani na deni la siku nzima ambalo sahani moja hailimalizi, hata kama tumbo linahisi limejaa. Mwenye njaa hana miiko, na katika hali hiyo kila mpango wa kujizuia utavunjika.

Ndiyo maana mimi nisingekuondolea kitu chochote kwa sasa. Ningekuongezea. Kula asubuhi kitu chenye protini na nyuzinyuzi: mayai na mkate wa ngano isiyokobolewa, au mtindi usiotiwa sukari pamoja na tunda na karanga kidogo, au hata maharagwe yaliyobaki jana, kwani hakuna sheria iliyoyapangia maharagwe saa ya kuliwa. Ikiwa kweli husikii njaa unapotoka, kifunge uondoke nacho, ukakile saa mbili au saa tatu. Mchana, kipimo chepesi ni kuifanya nusu ya sahani iwe mboga na matunda, robo iwe protini na robo nyingine iwe wanga, hasa wa nafaka isiyokobolewa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, na katika mwongozo wake wa mwaka 2023 linataka nyuzinyuzi zisipungue gramu 25. Kikombe kimoja cha maharagwe yaliyopikwa kinakupa karibu nusu ya kiasi hicho, ilhali pakiti nzima ya biskuti tamu huenda isikupe hata robo yake.

Kula kati ya mlo na mlo hakuna ubaya, ikiwa pengo ni la saa tano au sita na njaa ni ya kweli. Wala hakuna muujiza katika milo sita. Nishati ambayo mwili hutumia kumeng'enya chakula hutegemea kiasi na aina ya chakula ulichokula kwa siku, haitegemei umekaa kula mara ngapi, na kwa mtu ambaye pakiti ikifunguliwa haifungwi, kumpa ruhusa ya kula mara sita naona ni kumtafutia matatizo. Kitafunio kizuri ni kile kinachokufikisha kwenye mlo ujao ukiwa na akili zako timamu. Kiganja kimoja cha karanga, lozi au korosho zisizo na chumvi, yaani takriban gramu 30, kina kilokalori kati ya 170 na 180. Biskuti chache tu hufikia kiasi hicho hicho, lakini karanga zinakuja na protini, mafuta yanayofaa moyo, na kazi ya kutafuna. Tofaa zima na yai la kuchemsha vinaweza kushika nafasi hiyo pia.

Kuhusu asali na juisi, aliyekushauri amekupotosha. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unataka sukari iwe chini ya asilimia 10 ya nishati yote ya siku, na unapendekeza ishuke hadi chini ya asilimia 5 kwa faida zaidi. Kwa anayekula kilokalori 2,000, kiwango cha kwanza ni gramu 50 na cha pili ni gramu 25, yaani vijiko 6 hivi vya chai. Sukari inayohesabiwa humo ni ile unayotia mwenyewe, ile inayotiwa kiwandani, na pia ile iliyomo katika asali na katika juisi ya matunda, hata kama umeikamua kwa mikono yako. Ile iliyo ndani ya tunda zima na ndani ya maziwa haihesabiwi. Si rahisi mtu akae amenye machungwa manne na kuyamaliza kwa mkupuo, lakini juisi ya machungwa hayo manne inaisha kabla hujakaa vizuri, na nyuzinyuzi nyingi zimebaki kwenye kichujio. Soda yako ya saa kumi, ikiwa ni kopo la kawaida la mililita 330, ina takriban gramu 35 za sukari. Bado hatujazihesabu chai.


Fundi wa Mazoea alijibu:

Nakubaliana na Mshauri kuhusu asubuhi na mchana, ila naona televisheni ameipita juujuu. Karani ameandika mwenyewe kwamba tumbo limejaa na mkono unakwenda wenyewe. Sehemu moja ya hilo ni deni la mchana, sawa, lakini sehemu nyingine haihusiani na lishe hata kidogo: ni kochi lile lile, saa ile ile, mwanga wa televisheni, na bakuli lililo umbali wa mkono. Mambo hayo yakikutana kila siku kwa muda mrefu, yanaita kitendo bila kusubiri uamuzi wa mtu. Unaweza kumlisha Karani vizuri kuanzia alfajiri, na bado saa tatu usiku mkono ukalitafuta bakuli.

Kwa hiyo bakuli liondoke sebuleni. Nasema hivyo kwa uzito wote, maana watu huliona jambo hili kuwa la kitoto na kukimbilia kujilaumu kwamba hawana nia. Mwaka 2015 mtandao wa watafiti wa Cochrane ulichapisha mapitio ya tafiti kuhusu ukubwa wa vipimo, pakiti na vyombo, na matokeo yalikuwa kwamba watu wanapowekewa kikubwa zaidi, hula zaidi. Ukitaka viazi vya pakiti, vile, lakini mimina kiasi kwenye kibakuli ukiwa umesimama jikoni, kunja mdomo wa pakiti, ubane, uirudishe kabatini, ndipo uende ukakae. Anayekula moja kwa moja kutoka kwenye pakiti hana mahali pa kusimamia isipokuwa chini kabisa, pale vidole vinapokusanya chumvi na vipande vilivyovunjika.

Halafu panga kitendo mahususi badala ya nia ya jumla. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer aliandika sana kuhusu mipango ya namna ya "ikitokea hivi, nitafanya hivi", na faida yake ni kwamba uamuzi unakuwa umeshafanyika kabla ya kishawishi kufika. "Nitakula vizuri usiku" haikuambii ufanye nini. "Nikimaliza kuosha vyombo, nitamenya chungwa na kuchemsha maji ya chai isiyo na sukari kabla ya kuwasha televisheni" inakuambia kila kitu, na inachukua nafasi ya kitendo cha zamani badala ya kuacha pengo.

La mwisho ni haraka. Phillippa Lally na wenzake wa University College London walifuatilia watu 96 waliokuwa wakijenga zoea moja jipya kila mmoja, na katika makala yao ya mwaka 2010 kiwango cha kati cha muda wa zoea kufanyika bila kujilazimisha kilikuwa siku 66, huku wengine wakichukua 18 na wengine wakikadiriwa kufika 254. Waligundua pia kwamba kukosa siku moja hakuharibu kazi iliyokwisha kufanyika. Hebu linganisha na utaratibu wako wa kuacha vyote mwanzoni mwa juma na kuvunja vyote mwishoni. Tatizo halipo kwako, ndugu yangu. Hakuna anayeweza kubeba mazoea matano mapya kwa mpigo, na siku moja ya kuteleza haina sababu ya kufuta juma zima.


Karani wa Mezani:

Nawashukuru sana. Sikuwahi kufikiria kwamba usiku wangu unaanzia asubuhi. Naomba kuongeza mambo mawili. Kazini, biskuti na keki huletwa na wenzangu kwa zamu, na ukikataa unaonekana una majivuno au unaumwa. Pili, soda zilizoandikwa kuwa hazina sukari, na pakiti zenye maneno kama "asilia", "mafuta kidogo" au "zimeongezwa nyuzinyuzi", nizichukulieje?


Bibi wa Jikoni alijibu:

Mwanangu Karani, hilo la kazini nalifahamu, na dawa yake ni adabu tu. Chukua kimoja, kiweke kwenye kisahani, shukuru, ukile taratibu pamoja na wenzako au ukihifadhi. Watu huumia unapokataa mkono wao. Wakishaona umepokea, hakuna anayehesabu umekula vingapi. Usitangaze kwamba unapunguza uzito, maana kuanzia hapo kila mmoja atakuwa daktari wako, na utapewa mapishi ya ndimu na maji ya moto hadi uchoke. Zamu yako ikifika, leta matunda yaliyokwisha kukatwa. Nasisitiza kukatwa. Tunda zima linabaki mezani siku nzima bila kuguswa, lakini papai au nanasi lililokatwa vipande na kuchomekwa vijiti linaisha kabla ya keki, kwa sababu watu hawakatai matunda, wanakataa kazi ya kutafuta kisu.

Chai nayo usiigeuze kwa siku moja. Mtu aliyezoea vijiko vitatu akipewa chai kavu ataona ameadhibiwa, na kesho atarudi kwenye vinne. Punguza nusu kijiko, kaa nacho mpaka ulimi usione tofauti, kisha punguza tena. Ulimi hufundishika, na baada ya muda chai ya zamani utaiona kama shira. Mdalasini au tangawizi husaidia, kwa kuwa kinywa kinapata ladha ya kushughulika nayo.

Jambo ambalo wenzangu hawakuligusa ni hilo la kula mchana macho yakiwa kwenye kompyuta. Habari ya shibe haifiki kichwani papo hapo. Inachukua kama dakika 20 tangu uanze kula, kwa sababu tumbo na utumbo vinapeleka ujumbe kwa njia ya neva na homoni. Anayemaliza sahani kwa dakika saba huamka bado anatafuta kitu kitamu, na kinachomsumbua ni kwamba ujumbe uko njiani. Geuza kiti, uipe kompyuta mgongo, weka kijiko chini kati ya tonge na tonge. Na ukikaa ukaona chakula chako, utakikumbuka jioni; mtu anayekula bila kutazama hufika saa kumi akiapa kwamba hajala.


Mfamasia wa Zamu alijibu:

Nitajibu kuhusu pakiti na soda, kisha nitaongeza tahadhari.

Maneno makubwa ya mbele ya pakiti ni ya muuzaji. Geuza pakiti usome orodha ya viambato, ambavyo hupangwa kwa uzito kuanzia kilicho kingi zaidi. Sukari ikiwa ya kwanza au ya pili, neno "asilia" halibadilishi kitu, na tazama majina yake mengine pia, kama vile glukosi, fruktosi, maltosi, dekstrosi na shira za kila aina, kwani ikigawanywa katika majina manne inaweza kushuka chini kwenye orodha ilhali jumla yake ni kubwa. "Mafuta kidogo" mara nyingi humaanisha kwamba ladha imerudishwa kwa sukari au wanga. Linganisha bidhaa kwa safu ya gramu 100, kwa sababu kipimo cha mlaji mmoja hupangwa na mtengenezaji na kinaweza kuwa biskuti mbili ambazo hakuna anayeishia hapo. Kwa vyakula vya chumvi, pale lebo inapotaja sodiamu peke yake, zidisha kwa 2.5 upate chumvi; ukomo unaopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku.

Hata lebo ikiwa safi, kuna kitu ambacho haikionyeshi. Mwaka 2019 Kevin Hall na wenzake wa taasisi za taifa za afya za Marekani walichapisha jaribio ambalo watu wazima 20 walikaa katika kituo chao kwa mwezi mmoja. Kwa majuma mawili walipewa vyakula vilivyosindikwa sana viwandani, na kwa mawili mengine vyakula visivyosindikwa sana, huku milo iliyoandaliwa ikiwa imelinganishwa kwa kalori, sukari, mafuta, nyuzinyuzi na chumvi, na kila mmoja akiruhusiwa kula apendavyo. Katika kipindi cha vyakula vya viwandani walikula takriban kilokalori 500 zaidi kwa siku na kuongezeka karibu kilo moja. Katika kipindi kingine walipungua kiasi hicho hicho. Walikula pia kwa kasi zaidi. Hapo naona maelezo ya pakiti ya Karani isiyofungika: chakula laini kisichohitaji kutafunwa kinaingia upesi kuliko shibe inavyoweza kukifuata.

Soda zenye utamu bandia, mwezi Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri zisitegemewe kama njia ya kudhibiti uzito, kwa kuwa manufaa yake ya muda mrefu hayakuonekana. Ushauri huo haukuwahusu watu ambao tayari wana kisukari. Maoni yangu ni kwamba kama ni daraja la kukutoa kwenye soda yenye sukari, itumie, ila usijenge nyumba juu ya daraja. Maji yawe karibu yako kuliko kitu kingine.

Usingizi wa saa kumi nao uchunguze chanzo chake. Utafiti mdogo wa Chuo Kikuu cha Chicago uliochapishwa mwaka 2004 uliwachukua vijana 12 wa kiume, na baada ya siku mbili za kulala saa chache, homoni ya shibe iitwayo leptini ilishuka kwa asilimia 18 na ile ya njaa, grelini, ilipanda kwa asilimia 28, huku hamu ya vitu vitamu na vya chumvi ikiongezeka. Chai kali ya alasiri ina kafeini ambayo nusu yake inaweza kubaki mwilini baada ya saa tano hivi. Inakuchelewesha kulala, na kesho yake unaamka ukihitaji sukari.

Tahadhari ni hizi. Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari asibadilishe saa wala kiasi cha chakula kabla ya kuzungumza na anayemtibu, kwani sukari inaweza kushuka kwa hatari. Na wewe Karani, ukianza kuona kiu isiyoisha na kukojoa mara kwa mara, pima sukari badala ya kubadilisha vitafunio. Anayejikuta anakula kwa kujificha, kiasi kikubwa, bila kuweza kujizuia, kisha anajichukia, huyo hahitaji ushauri wa karanga. Amwone mtaalamu wa afya ya akili, maana tatizo hilo lina tiba.


Karani wa Mezani:

Nimeelewa, na nawashukuru mmoja mmoja. Nimepanga kuanzia kesho nile mayai asubuhi, nipunguze sukari kwenye chai, nihamishe bakuli, na mchana nile mbali na kompyuta.


Mshauri wa Lishe alijibu:

Ndugu Karani, hayo ni manne, na Fundi amekwisha kukuonya. Chukua mawili tu. Bakuli lihame leo usiku, kwa sababu ni kazi ya mara moja isiyohitaji nidhamu ya kila siku, na asubuhi ule mayai au mtindi. Sukari ya chai iache kama ilivyo kwa sasa. Saa nne ikianza kupita bila wewe kukumbuka biskuti, ndipo urudi kwenye kijiko cha sukari, na chakula cha mchana kifuate baadaye.